Crime et Châtiment (filamu ya 1935)

Crime et Châtiment (kwa Kiswahili: Uhalifu na Adhabu) ni filamu ya Ufaransa iliyotoka mwaka 1935. Iliongozwa na Pierre Chenal na imetokana na riwaya ya mwandishi Mrusi Fyodor Dostoyevsky yenye jina hilohilo. Waigizaji wakuu ni Pierre Blanchar anayeigiza mwanafunzi Raskolnikov, Harry Baur anayeigiza mpelelezi Porphyre, na Madeleine Ozeray anayeigiza Sonia. Muziki wake ulitungwa na Arthur Honegger. Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, na huchukua karibu saa moja na dakika 50.

Hadithi inatokea Sankt Peterburg, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya Dola la Urusi, ingawa wahusika wote wanaongea Kifaransa. Si filamu ya kumtafuta muuaji, kwa kuwa mtazamaji anamjua tangu mwanzo, na mpelelezi naye anamshuku mapema. Swali linaloibeba ni lingine: je, mtu aliyeua bila kuonwa na yeyote anaweza kuishi na siri hiyo?

Riwaya na zama zake

Dostoyevsky (1821–1881) alianza kuitoa riwaya hii kwa sehemu katika jarida la Russky Vestnik mnamo Januari 1866. Miaka mitano kabla ya hapo, yaani mwaka 1861, Tsar Aleksander II alikuwa ametangaza kuwaondoa wakulima katika hali ya kumilikiwa na mabwana wa ardhi. Watu wengi walihamia mjini kutafuta riziki. Katika mitaa iliyozunguka soko la Sennaya, katikati ya Sankt Peterburg, vyumba viligawanywa kwa mbao na kupangishwa vipande vipande. Mafundi, walevi, wanafunzi na makahaba waliishi ngazi moja. Huko ndiko anakoishi Raskolnikov, katika chumba kidogo chini ya paa ambacho mwandishi anakifananisha na kabati.

Mwandishi aliwajua wauaji kwa karibu. Mwaka 1849 alikamatwa kwa kushiriki mikutano ya vijana waliojadili siasa zilizokatazwa. Tarehe 22 Desemba mwaka huo alipelekwa uwanjani pamoja na wenzake ili wapigwe risasi. Dakika za mwisho wakasomewa amri kwamba adhabu imebadilishwa. Alitumikia miaka minne ya kazi ngumu katika gereza la Omsk, Siberia, akilala bweni moja na watu waliowahi kuua. Wasomaji wengi hushangaa jinsi riwaya inavyomwelezea mhalifu bila kumtukana na bila kumsifu. Chanzo chake kimojawapo ni miaka ile.

Jina la Kirusi la riwaya lina jambo ambalo tafsiri huliacha nyuma. Neno prestuplenie, linalotafsiriwa “uhalifu”, kwa asili ya maumbo yake lina maana ya kuvuka, kama mtu anavyovuka mpaka au kizingiti. Raskolnikov mwenyewe anajiuliza kama yeye ni mtu anayeweza kuvuka. Jina lake nalo linatokana na raskol, yaani mfarakano au mpasuko.

Hadithi

Rodion Raskolnikov ni kijana wa miaka 23 aliyeacha masomo ya sheria kwa kukosa karo. Anadaiwa kodi ya chumba, hali chakula cha kutosha, na nguo zake zimechakaa. Kila akibanwa humwendea Alyona Ivanovna, mwanamke mzee anayekopesha fedha kwa kuwekewa rehani. Riwaya inaeleza biashara ya mama huyu kwa hesabu kamili. Raskolnikov anapomletea saa ya fedha ya marehemu baba yake anaomba rubli nne. Anaambiwa itakuwa rubli moja na nusu. Riba ni kopeki 10 kwa kila rubli kwa mwezi, tena inakatwa mapema pamoja na riba ya mkopo wake wa nyuma. Kijana anatoka na rubli moja na kopeki 15 mkononi. Mwalimu wa hesabu angeweza kuitumia sehemu hii darasani kueleza riba ya asilimia 10 kwa mwezi inavyomla mkopaji.

Kutokana na shida hiyo na majivuno yake, Raskolnikov amejijengea nadharia. Aliandika makala gazetini akidai kwamba binadamu wamegawanyika makundi mawili: watu wa kawaida, ambao kazi yao ni kutii, na wachache wasio wa kawaida, mfano wa Napoleon, ambao wana haki ya kuvuka sheria na hata kumwaga damu ikiwa lengo lao kubwa linahitaji hivyo. Mkopeshaji mzee, anasema, ni chawa tu. Fedha zake zingeweza kuokoa familia nyingi. Wakati huohuo anapata barua ya mama yake. Dada yake, Dounia, amekubali kuolewa na Luzhin, mtu mwenye mali asiyempenda, ili kaka yake asaidike. (Msomaji wa Kiswahili asidhani jina hilo lina uhusiano na neno dunia, ni kifupi cha jina la Kirusi Avdotya.)

Raskolnikov anamuua mkopeshaji kwa shoka. Lakini mpango wake uliohesabiwa kwa uangalifu unavurugika papo hapo: ameacha mlango wazi, na Lizaveta, ndugu wa marehemu, mwanamke mpole asiyemdhuru mtu, anaingia na kuona. Anamuua naye. Wageni wanagonga mlango, naye amesimama ndani akishika pumzi. Anaponyoka kwa bahati tu, akijificha katika chumba kitupu ambacho mafundi rangi walikuwa wametoka kwa muda. Vitu alivyoiba anavifukia chini ya jiwe uani bila hata kufungua pochi. Baadaye sana, katika kesi, inajulikana kwamba ndani yake mlikuwa na rubli 317 na kopeki 60. Hakutumia hata moja. Nadharia ya kuwasaidia maskini kwa fedha za mzee inaanguka mapema, kabla polisi hawajafika.

Kwa upande mwingine yuko Sonia, binti wa Marmeladov, karani aliyefukuzwa kazi kwa ulevi. Sonia anajiuza ili wadogo zake wale, na serikali imempa ile cheti ya njano waliyopewa makahaba walioandikishwa. Marmeladov anapokufa kwa kugongwa na gari la farasi, Raskolnikov anatoa fedha zake za mwisho kwa mazishi. Ni Sonia anayekuja kuambiwa siri ile kwanza. Jibu lake si la kisheria: anamtaka aende njia panda, apige magoti, aibusu ardhi aliyoinajisi, na kuwaambia watu wote kwamba ameua.

Mpelelezi Porphyre hana ushahidi wowote. Fundi rangi mmoja, anayeitwa Nicolas katika filamu, anajitokeza na kukiri kosa ambalo hakulifanya. Mtuhumiwa halisi angeweza kukaa kimya na kuwa huru. Hatimaye Raskolnikov anakwenda kituoni kwa miguu yake na kusema.

Urusi iliyojengwa Ufaransa

Baada ya mapinduzi ya 1917 maelfu ya Warusi walikimbilia Paris, na miongoni mwao walikuwamo watu wa filamu. Kundi la mtayarishaji Joseph Ermolieff lilihamia katika studio ya zamani ya Pathé huko Montreuil, kando ya Paris, na kutoka humo ikazaliwa kampuni ya Albatros. Waigizaji kama Ivan Mosjoukine wakawa nyota wa filamu bubu za Ufaransa. Filamu yake Michel Strogoff (1926), iliyoongozwa na Viktor Tourjansky kutoka riwaya ya Jules Verne, ilijaza kumbi. Sauti ilipoingia, hamu ya Wafaransa kwa Urusi ya matsar haikupungua. Les Nuits moscovites ilitoka 1934, Les Yeux noirs 1935, Tarass Boulba 1936, Katia 1938. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za mtindo uleule: maafisa wenye sare za kumetameta, magari ya farasi watatu, nyimbo za huzuni usiku kucha, na bilauri zinazovunjwa sakafuni.

Filamu ya Chenal ni ya wakati huohuo na kwa sehemu ilitengenezwa na watu walewale, lakini haifanani nazo. Hakuna majumba ya kifalme, na Tsar hatajwi kama mtu. Kuna ngazi, milango, vyumba vyenye dari iliyoshuka, na makarani. Kwa maoni ya wengi hii ndiyo sababu imezeeka vizuri kuliko wenzake.

Chenal alizaliwa Brussels mwaka 1904. Kabla ya filamu za hadithi alitengeneza filamu fupi kuhusu usanifu wa majengo akishirikiana na msanifu Le Corbusier, na jicho hilo la msanifu linaonekana hapa: anajua chumba kinavyoweza kumbana mtu. Filamu yake ya La Rue sans nom (1934), iliyotokana na riwaya ya Marcel Aymé, inakumbukwa kwa sababu ndiyo iliyowafanya wahakiki waanze kutumia maneno “uhalisia wa kishairi” kwa sinema ya Ufaransa. Walimaanisha filamu za watu maskini na mitaa yenye unyevu, zenye mwanga hafifu na bahati mbaya inayomngoja mtu pembeni. Mtindo huo baadaye ulijulikana duniani kwa kazi za Marcel Carné na Jean Renoir.

Aymé aliitwa tena kushirikiana na Chenal katika mswada wa Crime et Châtiment, pamoja na Christian Stengel na Vladimir Strizhevsky, mwongozaji aliyetoka Urusi. Mandhari yalibuniwa na Aimé Bazin na Eugène Lourié. Lourié alizaliwa Kharkiv (leo ni Ukraine) mwaka 1903, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Dola la Urusi, akakimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miaka miwili baada ya filamu hii alibuni mandhari ya La Grande Illusion ya Renoir. Mpiga picha Joseph-Louis Mundwiller alikuwa amefanya kazi Urusi kwa kampuni ya Pathé kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo baadhi ya waliojenga Sankt Peterburg ya mbao na plasta walikuwa wamewahi kukanyaga ardhi ya dola lenyewe, nalo lilikuwa halipo tena.

Hata hivyo hawakujenga nakala halisi ya mji. Kuta zinaegemea, vivuli ni virefu kupita kiasi, na ngazi ya nyumba ya mkopeshaji inaonekana kama kitu kinachoota na kurudi katika jinamizi. Hapo kuna mkono wa sinema ya Kijerumani ya miaka ya 1920. Urusi yao imepita kwanza katika kichwa cha mtu mwenye homa. Kwa kuwa riwaya nusu yake ni mawazo ya Raskolnikov, na kamera haiwezi kupiga picha ya wazo, kuta hizo zinafanya sehemu ya kazi ambayo maneno ya Dostoyevsky yalikuwa yakiifanya.

Blanchar na Baur

Moyo wa filamu ni mazungumzo kati ya mtuhumiwa na mpelelezi. Katika riwaya wanakutana mara tatu kwa kirefu, na kila mkutano una hali yake. Wa kwanza ni wa adabu: Raskolnikov anakuja na rafiki yake Razumikhin kuulizia vitu alivyoweka rehani, na mwenyeji, kama kwa bahati, anataja ile makala ya gazetini. Je, hao watu wasio wa kawaida wanatambulikaje? Wana alama? Na mwandishi wa makala, je, alijihesabu miongoni mwao? Mkutano wa pili ni ofisini, na Porphyre anazungukazunguka chumba akicheka na kuongea mambo yasiyo na mpango, hata mgeni anaanza kupiga kelele akamatwe au aachwe. Wa tatu ni wa mpelelezi kumwendea kijana chumbani kwake na kumwambia waziwazi kwamba anajua.

Mbinu ya Porphyre ni kutomkamata. Mtu akifungwa mapema, anaeleza, anapata utulivu, maana anajua amesimama wapi. Akiachwa huru atazunguka kama nondo kwenye mshumaa mpaka ajiunguze mwenyewe. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na Porphyre anafanya kazi yake kwa kuamini jambo la namna hiyo.

Harry Baur aliifaa sana nafasi hii. Alizaliwa Montrouge mwaka 1880, alikuwa mnene, mzito wa mwendo, na mwenye sauti iliyoweza kushuka hadi mnong’ono bila kupoteza nguvu. Mwaka mmoja tu kabla, katika Les Misérables ya Raymond Bernard, alikuwa ameigiza Jean Valjean, mfungwa wa zamani anayewindwa na polisi maisha yake yote; muziki wa filamu ile pia ulikuwa wa Honegger. Sasa mwindwa amekuwa mwindaji. Huenda ndiyo sababu Porphyre wake hana ukatili: anamtazama kijana kama daktari anayejua ugonjwa na anangoja mgonjwa akubali dawa. Watazamaji wa 1935, waliokuwa bado wanakumbuka sura ya Valjean, bila shaka waliliona hilo.

Pierre Blanchar anaigiza kwa namna nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1892 mjini Philippeville, Algeria (leo Skikda), na alikuwa na umri wa miaka 42 filamu ilipotoka, karibu mara mbili ya umri wa Raskolnikov wa riwaya. Anakodoa macho, anatetemeka, anacheka ghafla, anakunja mikono. Kwa mtazamaji wa leo uigizaji huu unaweza kuonekana wa jukwaani mno, na lawama hiyo si ya bure. Kuna nyakati ambapo angepunguza. Lakini akikaa mbele ya Baur tofauti yao inageuka faida. Mmoja hawezi kutulia na mwingine hana haraka. Mtazamaji anajikuta akiona aibu ya kumwonea huruma muuaji, jambo ambalo riwaya pia inalifanya.

Katika maonyesho ya filamu ya Venezia ya mwaka 1935 Blanchar alipewa Kombe la Volpi la mwigizaji bora wa kiume. Maonyesho hayo yalikuwa chini ya serikali ya kifashisti ya Italia, na tuzo zake kuu ziliitwa Kombe la Mussolini. Filamu bora ya kigeni mwaka ule ilikuwa Anna Karenina ya Marekani, iliyoigizwa na Greta Garbo, nayo imetoka katika riwaya ya Kirusi. Ni vigumu kutolitafakari jambo hilo: filamu inayouliza kama kuna watu wakubwa wenye haki ya kuwakanyaga wadogo ilishangiliwa katika nchi ambayo mtawala wake alikuwa ameshajijibu swali hilo.

Madeleine Ozeray, Mbelgiji aliyezaliwa 1908, ni Sonia wa sauti ndogo na mwili dhaifu. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani zaidi, akifanya kazi na Louis Jouvet. Sonia ni nafasi ngumu, kwa kuwa mwigizaji anaweza kumgeuza sanamu ya mtakatifu; Ozeray anajiepusha nayo kwa kiasi kikubwa, ingawa si wakati wote. Kati ya wengine, Marcel Delaître ni Marmeladov, Sylvie ni mke wake, Alexandre Rignault ni Razumikhin, Aimé Clariond ni Luzhin, Lucienne Le Marchand ni Dounia na Marcelle Géniat ni mama. Nafasi fupi ya Lizaveta, anayeitwa Elisabeth hapa, ni ya Catherine Hessling, aliyekuwa mke wa Jean Renoir na nyota wa filamu zake bubu.

Filamu mbili za mwaka mmoja

Mwaka huohuo wa 1935 Hollywood nayo ilitoa filamu ya riwaya hii. Iliongozwa na Josef von Sternberg kwa kampuni ya Columbia, na Raskolnikov aliigizwa na Peter Lorre, Porfiri na Edward Arnold, Sonya na Marian Marsh. Filamu ya Sternberg inaanza kwa maandishi yanayomwambia mtazamaji kwamba hadithi hii ingeweza kutokea wakati wowote na mahali popote. Majina mengi yalibaki ya Kirusi, lakini nguo na vyumba ni vya namna isiyo na nchi.

Uamuzi huo una mantiki yake, maana dhamiri haina taifa. Lakini hasara yake ni kubwa. Ukiiondoa Sankt Peterburg ya miaka ya 1860 unaondoa cheti ya njano, makarani wa vyeo kumi na vinne, mwanafunzi aliyesoma juu ya Napoleon huku tumbo likiwa tupu, na mkopeshaji wa rehani kila mtaa. Kinachobaki ni kijana mwenye kiburi aliyeua. Mwandishi Mwingereza Graham Greene, ambaye miaka hiyo alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la The Spectator, alizitazama zote mbili akaipendelea ya Kifaransa kwa mbali. Sternberg mwenyewe hakuwahi kuihesabu filamu yake miongoni mwa kazi zake nzuri. Lorre hata hivyo ni mwigizaji wa kuangaliwa, na mwenye nafasi afadhali azione zote mbili, akianza na yoyote.

Yaliyowapata watengenezaji

Miaka mitano baada ya filamu kutoka, Ujerumani iliivamia Ufaransa. Chenal, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Philippe Cohen, alikuwa Myahudi. Filamu yake ya mwisho kabla ya vita, Le Dernier tournant (1939), ilikuwa ya kwanza duniani kutokana na riwaya ya James M. Cain, The Postman Always Rings Twice. Nayo pia ni hadithi ya mauaji ambayo hayawaachi wauaji. Chini ya utawala mpya asingeweza kufanya kazi, na kukaa kulikuwa hatari. Alikimbilia Argentina, akaongoza filamu huko kwa Kihispania.

Harry Baur alibaki. Mwaka 1942 alialikwa Berlin kuigiza, akaenda, na alipokuwa ameshazushiwa kwamba ni Myahudi alikamatwa na Gestapo pamoja na mke wake. Alihojiwa na kuteswa kwa miezi kadhaa. Aliachiliwa akiwa amepungua mwili kiasi cha kutotambulika, akafa Paris tarehe 8 Aprili 1943. Aliyekuwa amewafundisha Wafaransa sura ya mpelelezi anayengoja, anayezungumza na asiyemgusa mtu, alihojiwa na wapelelezi wa namna nyingine.

Blanchar alijiunga na kamati ya siri ya watu wa sinema waliopinga uvamizi. Paris ilipokombolewa Agosti 1944, wapiga picha wa kamati hiyo walirekodi mapambano ya barabarani, na sauti inayosimulia filamu yao, La Libération de Paris, ni yake. Alifariki mwaka 1963. Ozeray aliondoka Ufaransa pamoja na kundi la Jouvet kwenda Amerika Kusini. Lourié aliishia Marekani.

Chenal alirudi Argentina mara nyingine baada ya vita kwa kazi ambayo studio za Marekani hazikutaka kuigusa: Sangre negra (1951), kutoka riwaya ya Native Son ya Richard Wright. Ni hadithi ya kijana mweusi wa Chicago, Bigger Thomas, anayeua kwa hofu na kisha kulazimika kuelewa alichokifanya. Wright, ambaye alikuwa msomaji mkubwa wa Dostoyevsky, aliigiza Bigger mwenyewe akiwa amepita miaka 40, ilhali mhusika ana miaka 20. Tofauti hiyo ya umri inamkumbusha mtu Blanchar, na chumba cha kupanga kinachoonekana mwanzoni mwa riwaya ya Wright kina undugu na kile cha Raskolnikov.

Matoleo mengine

Kabla ya Chenal, Mjerumani Robert Wiene alitoa filamu bubu Raskolnikow (1923) akiwatumia waigizaji Warusi waliokuwa uhamishoni. Mwaka 1956 Georges Lampin aliihamishia hadithi Paris ya wakati wake, na Jean Gabin akachukua nafasi ya mpelelezi. Lampin huyohuyo alikuwa ametengeneza L’Idiot (1946), kutoka riwaya nyingine ya Dostoyevsky, akiiacha katika Urusi ya karne ya 19. Pickpocket ya Robert Bresson (1959) haitaji riwaya hii popote, lakini kijana wake mwizi anamweleza inspekta wa polisi nadharia ileile ya watu walio juu ya sheria. Katika Umoja wa Kisovyeti Lev Kulidzhanov alitengeneza toleo refu mwaka 1970, Georgy Taratorkin akiwa Raskolnikov na Innokenty Smoktunovsky akiwa Porfiri. Aki Kaurismäki wa Ufini alianza kazi ya kuongoza filamu ndefu kwa riwaya hii mwaka 1983, na muuaji wake anafanya kazi katika machinjio mjini Helsinki.